Kidonge cha Kukojoza

Kaka yangu alianza dawa za moyo mwezi wa pili, baada ya miguu yote miwili kuvimba hadi magotini na yeye kushindwa kulala bila kuegemea ukuta. Hospitali ya mjini Tarime walimpiga picha ya moyo wakasema umetanuka, hausukumi damu inavyotakiwa. Wakampa vidonge vya aina nne. Mimi ndiye niliyempeleka, kwa sababu yeye anaishi Kemambo na mimi naishi mjini, nashona sare za shule katika chumba kimoja karibu na soko.

Nilivikariri siku ileile. Losartan, ya kushusha presha na kuupunguzia moyo kazi. Atorvastatin, ya mafuta kwenye damu, inamezwa jioni. Aspirini ndogo, ya kuzuia damu isigande. Na frusemide, ya kutoa maji mwilini. Hii ya mwisho nyumbani kwake hawakuiita kwa jina lake. Waliiita kidonge cha kukojoza, kwa sababu akiimeza saa mbili asubuhi, mpaka saa tano hakai kitako.

Shule niliishia darasa la saba. Kiingereza nilijifunza mwenyewe kwa kamusi, nikianza na kitabu cha maelekezo ya cherehani ya umeme niliyonunua bila kujua kuitumia. Tangu hapo nina mazoea ya kusoma kila karatasi inayokuja na kitu, kuanzia juu hadi jina la kiwanda chini. Nilikuwa nikiyahesabu mazoea hayo kuwa ndiyo akili yangu.

Inabidi nieleze kwa nini kaka hunisikiliza mimi kuliko mkewe. Kwa watu wetu, msichana hupangiwa kaka wake mmoja, na ng'ombe wanaoletwa kwa ajili yake ndio kaka huyo huoa nao. Mimi nilipangiwa yeye. Nilipoolewa, ng'ombe wangu walikaa zizini kwa baba miezi michache tu, kisha wakatoka kwenda kumwolea wifi yangu. Mume wangu alikufa zamani na watoto wangu wako mbali, lakini nikifika Kemambo bado kiti kizuri hutolewa, na nikisema jambo katika nyumba ile mtu haliruki. Niliizoea heshima hiyo kiasi kwamba sikuwa naiona tena.

Mwezi wa saba akaamka kidole gumba cha mguu wa kulia kimevimba, chekundu, kinang'aa kama kimepakwa mafuta. Shuka lilipokigusa alipiga kelele. Huyu ni mtu aliyetahiriwa asubuhi ya baridi mbele ya kijiji kizima bila kupepesa jicho, na sasa analilia shuka.

Jirani mmoja akasema amekanyaga kitu alichotegewa. Wifi akasema ni maini ya mbuzi aliyokula Jumapili. Muuguzi wa zahanati akakitazama kidole bila kukigusa, akasema ni jongo, apunguze nyama. Basi nyama ikapigwa marufuku katika nyumba hiyo. Kidole kikapungua baada ya siku kumi, kikarudi tena kabla mwezi haujaisha, safari hii na kifundo cha mguu. Dukani walimuuzia diklofenaki, vidonge vya maumivu, vimefungwa kwenye kipande cha gazeti. Alivimeza kila kidole kilipomzidi.

Alikuwa na rafiki wa rika lake, mwanamume mwenye sauti kubwa, aliyekuwa akipita kila jioni kumsalimia. Nilimkuta siku moja amesimama mlangoni akiangalia sahani ya kaka: ugali na mchicha.

"Mura," akasema, kama wanaume wa rika moja wanavyoitana kwetu, "ndiyo chakula hicho? Zamani ulikuwa unamla mbuzi. Sasa unamnyang'anya chakula chake."

"Niache. Mbuzi haugui jongo."

"Basi ngoja nilete kamba, nikufunge pale nyuma na wenzako."

Kaka alicheka, kisha akashika mguu, kwa sababu hata kicheko kilikuwa kinamuuma.

Wifi alikuwa akiweka makasha matupu ya dawa jikoni kwa ajili ya kuwashia moto. Nikamwomba yale yaliyobaki. Ndani ya makasha kulikuwa na karatasi nne zilizokunjwa, moja kwa kila dawa. Nilizipeleka mjini nikazisoma kwa siku tatu, wateja wakipungua, kwa kioo cha kukuzia ninachotumia kutunga uzi. Maneno niliyoyajua nilipita, nisiyoyajua nilitafuta kwenye kamusi, ambayo kamusi haikuwa nayo nikatafuta kwenye simu.

Siku ya pili nikakuta neno. Karatasi ya frusemide ilisema dawa hiyo huweza kuzidisha asidi ya uriki kwenye damu na kuamsha jongo. Nikaelewa vizuri: asidi ya uriki ni taka ambayo figo hutoa kwa mkojo, ikizidi hugeuka chembe ngumu ndani ya kiungo, na chembe hizo ndizo zinazochoma. Dawa inatoa maji lakini ile taka inaiacha ndani. Nikatafuta nyingine. Aspirini, ikiwa ndogo kama ile ya moyo, nayo huzuia figo kuitoa. Losartan hufanya kinyume, husaidia kuitoa. Kuhusu atorvastatin nilikuta mahali pamoja wanasema huenda inaishusha kidogo, pengine hawasemi, kwa hiyo nikaweka alama ya kuuliza.

Nikachora mstari katikati ya ukurasa wa daftari. Kushoto nikaandika zinazopandisha: frusemide, aspirini. Kulia zinazoshusha: losartan, na atorvastatin yenye alama yake. Nilifurahi. Watu wote waliokuwa wamekitazama kile kidole walikuwa wamesema nyama au uchawi, na mimi fundi cherehani nilikuwa na jibu lililochapwa.

Diklofenaki sikuisoma. Haikuja na karatasi, ilikuja na gazeti. Na ni dawa ambayo kila mtu anaimeza.

Nilimpelekea kaka ukurasa huo Jumamosi. Alikuwa amekaa nje, mguu juu ya kigoda. Nikamsomea kwa Kiswahili, safu ya kushoto kisha ya kulia. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Kwa hiyo si nyama."

"Si nyama peke yake."

"Wiki tano nimekula mchicha."

"Mchicha haujakudhuru."

"Umenidhuru jina." Akaichukua karatasi akaitazama, ingawa hasomi haraka. "Nikiacha hivi viwili vya kushoto, nitatembea?"

Jibu langu nimelirudia mara nyingi, nisiliongeze wala kulipunguza. Nilisema: "Kwa karatasi zao, hivi ndivyo vinavyopandisha. Ukienda kliniki umuulize daktari kama vinaweza kubadilishwa."

"Kliniki lini?"

"Baada ya wiki nne."

"Zizi ni siku kumi na mbili."

Alikuwa anazungumzia zizi la wakwe huko Nyangoto. Binti yake alikuwa amechumbiwa na kijana wa huko, na siku ya kwenda kuchagua ng'ombe ilikuwa imewekwa. Baba wa binti huingia zizini kwa miguu yake. Hutembea katikati ya ng'ombe, humshika huyu nundu, huyu humfungua mdomo, humzunguka yule nyuma, na kumkataa asiyemtaka. Asipoingia mwenyewe hupewa vile wenyewe wanavyopenda kutoa, na hana pa kulalamikia. Ng'ombe hao ndio kaka aliowategemea kumwolea mwanawe wa kiume, kama mimi nilivyomwolea yeye. Angeweza kumtuma mtu. Alisema mtu pekee ambaye yeye angeweza kumtuma alikwisha kufa, naye alikuwa mdogo wetu.

Wifi alikuwa anapepeta mtama pembeni. Akasema bila kuinua kichwa: "Na hicho cha kukojoza atakwenda nacho vipi kule? Atoke mara ngapi?"

"Hilo nimeliwaza," kaka akasema. "Ukitoka kidogo tu, unarudi unakuta mtamba wako amegeuka ng'ombe kizee. Na wote wanakuapia ndiye huyohuyo uliyemshika."

Tulicheka watatu. Ilikuwa kweli, kila mtu ana kisa cha mjomba aliyetoka kwenda porini akabadilishiwa ng'ombe. Kaka akaikunja karatasi yangu akaitia mfuko wa shati.

Siku nne baadaye wifi akapiga simu.

"Kaka yako anasema wewe ndiye umemwachisha vile viwili. Ni kweli?"

Nilikuwa na suruali ya mtoto chini ya sindano. Nikamuuliza, "Mguu ukoje?"

"Umepungua. Jana amevaa kiatu."

"Basi tuone," nikasema.

Ndivyo nilivyosema. Nilikuwa na muda wa kusema vingine. Nilikata simu nikamaliza pindo la suruali, na nilichokuwa nahisi ni kwamba karatasi yangu imethibitika. Baadaye niliambiwa kwamba kidole cha jongo mara nyingi hupoa chenyewe baada ya wiki moja au mbili, dawa iwepo isiwepo. Hata mara ya kwanza kilikuwa kimepoa hivyohivyo. Nilikuwa na ushahidi huo tangu mwezi wa saba na sikuutazama.

Siku ya zizi tulikwenda Nyangoto kwa gari la kukodi, wanaume mbele, sisi wanawake nyuma na vikapu. Mji wa wakwe uko mahali ambapo vumbi la magari ya mgodini hukaa juu ya migomba. Walitupokea vizuri. Wanaume wakaingia zizini, sisi tukasimama nje ya ua, mahali pa shangazi na mama.

Kaka aliingia kwa fimbo, lakini alitembea. Kidole kilikuwa kimenyamaza. Alianza upande wa kushoto kwa utaratibu wake.

Baba mdogo wa kijana, mfupi, mwenye kofia ya sufu, alikuwa akimfuata na kuwasifia ng'ombe mmojammoja. "Mkwe, huyu mtamba ana mimba ya miezi minne."

"Ana njaa ya miezi minne. Mtoe."

"Huyu je? Mama yake alikuwa anakamuliwa ndoo nzima."

"Basi nipe mama yake."

"Alikufa, mkwe."

"Pole. Mtoe na huyu."

Watu walicheka ndani na nje ya ua. Yule rafiki wa rika lake alikuwa amekuja nasi, akapaza sauti: "Mtu wa mchicha huyo! Anaona kuliko nyie wala nyama!" Hata wakwe wakacheka. Niliona kaka amefurahi. Alikuwa hajafurahi hivyo tangu mwezi wa pili.

Alipofika karibu na upande wetu aliinama kumtazama ng'ombe mmoja kwato, suruali ikapanda. Alikuwa amevaa viatu vya wazi vya matairi, na kamba zake hazikufungwa. Juu ya kila mguu kulikuwa na mfereji mahali kamba ilipokuwa imekaza kabla hajailegeza. Miguu yote miwili. Jongo halishiki miguu yote miwili namna ile, laini na bila wekundu. Alipoinuka alishika mti wa ua, akakohoa mara tatu, akangoja pumzi irudi.

Nilijua yale ni maji. Nilikuwa nimeyaona mwezi wa pili. Nilisimama umbali wa hatua nne kutoka kwake na ua wa miti kati yetu. Nilikuwa na haki ya kumwita. Mimi kati ya wanawake wote pale nilikuwa nayo. Alikuwa amebakiza nusu ya zizi. Nikanyamaza. Wifi akaniuliza kama jua linaniumiza, nikasema hapana.

Alimaliza. Alipata aliowataka karibu wote. Tulikula, tukarudi.

Siku ya tatu asubuhi wifi alipiga simu akasema kaka amekaa kitandani tangu alfajiri, hawezi kulala chini, midomo imebadilika rangi. Walimleta mjini kwa gari la jirani. Niliwangoja langoni mwa hospitali. Walimwingiza akiwa amekaa, kwa sababu akilazwa alikuwa anazama. Wakamwekea hewa ya mtungi na sindano ya mshipani. Sindano hiyo ilikuwa frusemide. Niliona jina kwenye kichupa kilichotupwa kwenye sinia.

Kufika mchana alikuwa ametoa mkojo mwingi na anaweza kusema sentensi nzima. Daktari alikuwa mwanamke mwenye umri wa binti zangu. Alisimama miguuni mwa kitanda na karatasi zake.

"Baba, nani alikuambia uache dawa?"

"Mimi mwenyewe," kaka akasema.

"Ni mimi," nikasema.

Akanigeukia. "Wewe ni mhudumu wa afya?"

"Hapana. Ni fundi cherehani."

Nikamtolea ule ukurasa, ambao wifi alikuwa ameukuta kwenye mfuko wa shati. Aliusoma wote. Nilitazamia agombe na nilikuwa tayari. Hakugomba.

"Ulichoandika ni kweli," akasema. "Frusemide inapandisha uriki. Aspirini hii ndogo pia. Losartan inasaidia kushusha, na ndiyo maana tunaipenda kwa mtu wa namna hii. Lakini mama, bila hiki cha maji huyu anazama. Umeona mwenyewe. Mguu una dawa zake. Kuna dawa ya kushusha uriki yenyewe, tunampa pamoja na hizi. Aspirini tutaitazama kama bado anaihitaji. Mngekuja. Kliniki si lazima mngoje tarehe."

"Sikujua kwamba tunaweza kuja."

"Na maumivu alikuwa anatuliza na nini?"

Wifi akasema, "Diklofenaki."

Daktari akashusha karatasi zake. "Mara ngapi?"

"Kila kilipouma. Siku nyingine tatu, siku nyingine nne."

Akatueleza kwamba dawa hiyo huzuia maji mwilini na kuzielemea figo, na mtu mwenye moyo kama wa kaka hapaswi kabisa kuigusa. Alisema hawezi kujua kipi kilimwangusha zaidi, kile alichoacha au hiki alichokuwa anameza. Huenda ni vyote. Sauti yake haikubadilika. Nilisimama nikitazama ncha ya kiatu changu. Nilitegemea kusikia kitu ndani yangu, majuto au hofu, na sikusikia chochote. Nilisikia tu kitanda cha jirani kikisogezwa.

Siku ya tatu wodini kidole kilirudi. Walikituliza kwa dawa nyingine. Alitoka baada ya siku nane, mwembamba, miguu imesinyaa, na baada ya wiki mbili kliniki wakamwanzishia alopurinol, kidonge kidogo cheupe, kimoja kwa siku, pamoja na kingine cha kukilinda kiungo. Daktari alituonya sote watatu, akamfanya kila mmoja arudie: wiki za mwanzo jongo linaweza kuamka zaidi, kwa sababu chembe zinaanza kuyeyuka. Asiache. Likiamka aje, lakini asiache.

Liliamka siku ya kumi na moja. Wifi alinipigia akasema amekataa vidonge vyote, vya moyo na vya mguu, amevisukuma mpaka mwisho wa meza. Nilifunga chumba nikachukua bodaboda hadi Kemambo. Nilifika saa tatu asubuhi. Alikuwa ndani, kwenye kiti, mguu kwenye beseni la maji baridi.

"Shikamoo, kaka."

"Marahaba. Umekuja na karatasi?"

"Hapana."

"Uliniletea karatasi nikaacha, nikakaribia kufa. Sasa unataka nimeze, na mguu ndio huu."

Ningeweza kumwambia kwamba sikusema acha. Nilikuwa na maneno yenyewe, nayakumbuka yote. Nikakaa kwenye kigoda mbele yake.

"Niliona miguu yako zizini," nikasema. "Ulipoinama kutazama kwato. Nilijua ni maji, nikanyamaza ili umalize."

Aliusogeza mguu ndani ya beseni.

"Hata mimi nilijua," akasema. "Tangu siku mbili kabla nilikuwa nahema nikifunga kamba. Ningekuambia ungenirudisha."

"Ningekurudisha."

"Ndiyo."

Wifi alikuwa mlangoni. Nje kulikuwa na mtu anapasua kuni. Nilinyanyuka nikaenda mwisho wa meza, nikavitoa vidonge vya asubuhi kimojakimoja nikaviweka kwenye kiganja chake, nikimtajia kila kimoja na kazi yake. Nilipofika kile cha alopurinol nikasema, "Hiki ndicho kinachouma sasa ili baadaye kisiume. Daktari alisema hivyo. Mimi sijui zaidi ya hapo."

"Kinauma."

"Najua."

"Hujui," akasema.

Nikasema ni kweli, sijui.

Akavitia vyote mdomoni kwa pamoja, akanywa maji, akapumzisha kikombe juu ya paja. Akafumba macho akingoja maumivu yapungue. Hayakupungua asubuhi hiyo. Nilikaa hadi saa sita, na kesho yake nikarudi.